Istilahi za Msingi katika Uchunguzi wa Staarabu za Kale za Mabonde ya Mito: Kutoka Dola-Mji hadi Milki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua istilahi ambazo mwanafunzi wa historia hukutana nazo kila anaposoma kuhusu jamii zilizochipuka kando ya mito mikubwa ya ulimwengu wa kale. Mito hiyo ni Tigris na Frati katika nchi ambayo leo ni Iraki, Naili katika Misri na Nubia, Indus katika Pakistan na kaskazini magharibi mwa India, pamoja na Mto Manjano (Huang He) kaskazini mwa China. Istilahi zinazohusika ni ustaarabu, bonde la mto, umwagiliaji, ziada, maandishi, dola, dola-mji, milki, himaya na nasaba.

Kwa kawaida istilahi hizi hufafanuliwa kwa sentensi mojamoja, mwanafunzi akazikariri na kuzirudisha kwenye karatasi ya mtihani. Utaratibu huo una kasoro. Istilahi ya kihistoria ni hoja iliyofupishwa. Anayeiita Akkad “milki” ametoa dai kuhusu namna Akkad ilivyowatawala watu wengine, na dai hilo linahitaji ushahidi. Suala hili lina uzito wa pekee katika Kiswahili, kwa kuwa maneno mengi tunayoyatumia yalikuwa na maana zake kabla hayajaingizwa katika taaluma ya historia, na maana hizo bado zinafanya kazi ndani ya fikra za msomaji. Kwa hiyo, kila istilahi itafafanuliwa hapa kwa maswali mawili: neno lenyewe limebeba maana gani, na ni ushahidi gani unaoliruhusu litumike katika bonde fulani na si jingine.

2.0 Ustaarabu na Utamaduni

Neno ustaarabu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kuwa kama Mwarabu au kufuata desturi za Kiarabu. Katika pwani ya Afrika Mashariki, neno lililotumika zamani kuelezea maisha ya mjini yenye adabu, elimu na heshima lilikuwa uungwana. Pouwels (1987) ameonyesha kuwa katika karne ya 19, utawala wa Waomani ulipoimarika, neno ustaarabu lilipata nguvu na kulisogeza kando neno la awali. Kwa hiyo, neno tunalolitumia leo kuwaelezea Wasumeri na Wamisri wa kale lilizaliwa katika mabadiliko ya mamlaka pwani, na ndani yake mna kipimo cha nani amepevuka na nani bado.

Neno utamaduni nalo lina historia ya kuvutia. Linatokana na neno la Kiarabu tamaddun, lenye uhusiano na madina, yaani mji. Kwa asili yake, basi, utamaduni ndilo neno linalokaribia zaidi wazo la kuishi kimji. Hata hivyo, katika Kiswahili cha leo utamaduni umechukua maana ya jumla ya mila, desturi, sanaa na mtindo wa maisha wa jamii yoyote ile, iwe na miji au isiwe nayo. Matumizi hayo yamekwisha kukubalika, na makala haya hayakusudii kuyageuza.

Linalohitajika ni kulivua neno ustaarabu hukumu ya kimaadili pale linapotumika kitaaluma. Mwanaakiolojia V. Gordon Childe, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu mapinduzi ya miji, alipendekeza vigezo kumi. Miongoni mwake ni makazi makubwa, mafundi wasiojilimia chakula, ziada inayokusanywa na hekalu au mfalme, majengo makubwa ya umma, tabaka tawala, maandishi, na biashara ya masafa marefu. Vigezo hivyo vinaweza kukaguliwa ardhini. Kwa maana hiyo, kusema kwamba jamii fulani haikuwa na ustaarabu ni kusema tu kwamba haikuwa na miji wala taasisi za aina hiyo. Si kusema kwamba watu wake hawakuwa na adabu, maarifa au utu. Mtafiti asipoiweka tofauti hiyo wazi tangu ukurasa wa kwanza, msomaji wa Kiswahili atasoma tusi mahali palipokusudiwa maelezo.

3.0 Bonde la Mto, Mafuriko na Umwagiliaji

Bonde la mto katika muktadha huu ni uwanda tambarare uliojengwa na tope ambalo mto hulitandaza unapofurika. Tope hilo huirudishia ardhi rutuba. Hata hivyo, mito haifuriki kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa tofauti nyingi zinazofuata.

Mafuriko ya Naili yalitokana hasa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, zilizoshuka kupitia Naili ya Buluu na Mto Atbara. Maji kutoka Ziwa Victoria huufanya mto utiririke mwaka mzima, lakini si hayo yaliyoleta gharika ya kila mwaka. Maji yalipanda kuanzia katikati ya mwaka, yakafika kilele mnamo Agosti na Septemba, kisha yakapungua kwa wakati uleule ambao mkulima alihitaji kupanda. Wamisri waliugawa mwaka wao katika majira matatu kulingana na mto: Akhet, majira ya mafuriko, Peret, majira ya kuota kwa mazao, na Shemu, majira ya mavuno. Kilimo cha aina hii si kigeni kwa msomaji wa Tanzania. Katika bonde la Rufiji, mazao yanayopandwa kwenye unyevu unaobaki baada ya maji kupungua hujulikana kama mlau. Wamisri waliongeza matuta yaliyoligawa bonde katika mabwawa mapana, maji yakazuiliwa humo kwa wiki kadhaa ili tope litulie na ardhi ilowe vya kutosha.

Hali ilikuwa tofauti Mesopotamia. Tigris na Frati hufurika wakati wa machipuko, theluji ya milima ya kaskazini inapoyeyuka, yaani katika miezi ya Aprili na Mei ambapo shayiri imekwisha kukomaa na inasubiri kuvunwa. Maji yalikuja wakati wa kudhuru na kukosekana wakati wa kuhitajika. Kwa sababu hiyo, umwagiliaji wa Mesopotamia ulihitaji mifereji ya kupeleka maji mashambani wakati wa kiangazi na matuta ya kuyazuia wakati wa mafuriko. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babylon aliyetawala takriban mwaka 1792 hadi 1750 KK, zinaonyesha uzito wa jambo hilo. Mtu aliyezembea kuimarisha tuta lake, maji yakalivunja na kuharibu mashamba ya majirani, alipaswa kuifidia nafaka iliyopotea. Akishindwa, yeye mwenyewe pamoja na mali yake viliuzwa, na waliopata hasara wakagawana fedha.

Ni kutokana na hali kama hizo Karl Wittfogel, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alidai kuwa mahitaji ya kusimamia maji kwa kiwango kikubwa ndiyo yaliyozaa dola zenye mamlaka makali. Dai hilo limeenea katika vitabu vya shule kiasi kwamba istilahi umwagiliaji huonekana kana kwamba ni chanzo cha istilahi dola. Ushahidi uliofuata umelidhoofisha. Uchunguzi wa Robert McC. Adams katika ardhi ya Iraki ulionyesha kuwa mifereji mikubwa iliyopangwa na wafalme ilikuja baada ya miji na dola kusimama. Iliyotangulia ilikuwa midogo na ya kienyeji. Kwa upande wa Misri, Butzer (1976) alionyesha kuwa usimamizi wa mabwawa ya mafuriko ulifanyika zaidi katika ngazi ya mahali kuliko katika ikulu. Afrika Mashariki nayo inatoa mifano ya kupima dai hilo. Mifereji na makinga-maji ya mawe ya Engaruka kaskazini mwa Tanzania, mifongo ya Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro na mifereji ya Wamarakwet nchini Kenya inathibitisha kuwa jamii inaweza kuongoza maji kwa ustadi bila ya kuwa na mfalme anayemiliki bonde zima. Umwagiliaji, kwa hiyo, ni mbinu ya uzalishaji. Nani aliusimamia ni swali linalojitegemea.

4.0 Ziada, Posho na Mgawanyo wa Kazi

Ziada hufafanuliwa kwa kawaida kuwa mazao yanayobaki baada ya mahitaji ya mkulima kutoshelezwa. Fasili hiyo inaacha jambo muhimu, nalo ni kwamba ziada haibaki yenyewe. Kaya ya mkulima inaweza kulima kidogo na kupumzika, au kuvuna kingi na kukila katika sherehe. Ili nafaka ifike ghalani kwa mtu mwingine, lazima pawepo na dai: zaka ya hekalu, kodi ya mfalme, deni, au ahadi ya ulinzi.

Mji wa Uruk, kusini mwa Mesopotamia, unaonyesha upande wa pili wa dai hilo. Katika tabaka za udongo za milenia ya 4 KK yamepatikana mabakuli mengi ya udongo yenye ukingo wa mshazari, yaliyotengenezwa kwa haraka na kwa ukubwa unaokaribiana. Watafiti wengi huyahusisha na posho ya nafaka au chakula kwa wafanyakazi. Katika maandishi ya awali ya mji huohuo, alama ya kula huonyesha kichwa cha mtu na bakuli karibu na mdomo. Ziada iliyokusanywa kutoka kwa wakulima iligeuzwa kuwa posho, na posho ikawalisha wafumaji, wafinyanzi, wajenzi na makarani. Huo ndio unaoitwa mgawanyo wa kazi. Mwanafunzi anayeandika kuwa ziada ilileta mgawanyo wa kazi ameruka hatua ya katikati, ambayo ni taasisi iliyokusanya kwa mkono mmoja na kugawa kwa mkono mwingine.

5.0 Maandishi

Maandishi ni mfumo wa alama unaowakilisha lugha. Mwandiko wa Mesopotamia huitwa mwandiko wa kabari, kwa sababu ncha ya tete iliyobonyezwa kwenye udongo mbichi iliacha alama yenye umbo la kabari. Mabamba ya mwanzo kutoka Uruk, ya takriban mwaka 3300 hadi 3000 KK, kwa sehemu kubwa ni hesabu za shayiri, mifugo, bia na watu. Tenzi, barua na sheria zilikuja baadaye. Jambo hili linatukumbusha kuwa katika bonde hilo karani alitangulia mtunzi.

Hata hivyo, haifai kuigeuza Uruk kuwa kanuni. Nchini China, maandishi ya kale zaidi yanayosomeka yamechongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe yaliyotumika kupigia ramli, mengi yakitoka Anyang, mji wa wafalme wa Shang mwishoni mwa milenia ya 2 KK. Kule Indus, mihuri midogo ya mawe ina alama fupifupi ambazo hadi leo hazijasomwa kwa namna iliyokubalika. Kwa hiyo, tunaposema kuwa maandishi ni kigezo cha ustaarabu, tunaweka chini ya neno moja kazi tatu tofauti: kuhesabu mali, kuuliza mizimu na miungu, na kutia alama ambayo maana yake imepotea.

6.0 Mji, Dola na Dola-Mji

Dola ni mamlaka ya kudumu yenye uwezo wa kutoza kodi, kutoa hukumu na kutumia nguvu juu ya watu wasio na undugu na mtawala. Kigezo cha undugu ni muhimu. Ukoo unaweza kuwa na kiongozi, ghala na hata wapiganaji. Dola huanza pale mtu anapotii amri kwa sababu ya mahali anapoishi, si kwa sababu ya anakozaliwa.

Dola-mji ni dola ambayo mipaka yake ni mji mmoja pamoja na mashamba yanayoulisha. Wasumeri waliishi katika dola-miji kama vile Uruk, Ur, Lagash na Umma. Mgogoro wa Lagash na Umma ni mfano mzuri wa istilahi hii. Miji hiyo miwili ilipigania ardhi ya mpakani na maji yake kwa vizazi kadhaa katika milenia ya 3 KK. Mnamo mwaka 2450 KK hivi, Eannatum wa Lagash alisimamisha jiwe la ushindi ambalo leo hujulikana kama Jiwe la Tai, ambapo ndege wanaonekana wakibeba vichwa vya maadui. Vipande vyake vimehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre. Waliopigana walikuwa na lugha moja, miungu inayofanana na mwandiko mmoja. Ustaarabu ulikuwa mmoja, dola zilikuwa nyingi. Mkanganyiko kati ya mambo haya mawili ni miongoni mwa makosa yanayojirudia katika kazi za wanafunzi.

Bonde la Indus linaleta mtihani mgumu zaidi. Kati ya mwaka 2600 na 1900 KK hivi, miji ya Harappa na Mohenjo-daro ilikuwa na mitaa iliyopangwa, mitaro ya maji machafu, mawe ya mizani yaliyolingana, na matofali ambayo kimo, upana na urefu wake vilifuata uwiano wa 1:2:4. Ulinganifu huo ulienea katika eneo kubwa kuliko Misri ya wakati huo. Lakini hakujapatikana kaburi la kifalme lililo wazi, wala ikulu isiyo na shaka, wala jiwe la ushindi. Mtafiti anayeandika “wafalme wa Indus” amejaza pengo kwa kukopa kutoka Misri. Kauli inayoruhusiwa na ushahidi ni kwamba palikuwa na mamlaka yaliyoweza kusimamia vipimo na ujenzi. Sura ya mamlaka hayo inabaki kuwa mada ya utafiti.

7.0 Milki na Himaya

Katika Kiswahili, maneno dola, milki na himaya hutumika kwa kubadilishana kutaja utawala unaozikalia nchi nyingi. Makala haya yanapendekeza yatenganishwe. Milki hutokana na dhana ya kumiliki. Himaya hutokana na dhana ya kulinda. Ndiyo maana Zanzibar, baada ya mwaka 1890, ilisemwa kuwa chini ya himaya ya Waingereza. Neno himaya likitumika kwa kila utawala mkubwa, msomaji hupewa tafsiri ya mtawala mwenyewe: kwamba waliotawaliwa walikuwa wamelindwa.

Inapendekezwa, basi, kwamba milki iwe istilahi ya utawala wa dola moja juu ya jamii nyingine zilizotwaliwa, na himaya ihifadhiwe kwa aina mahususi ya uhusiano, ambapo mtawala wa mahali anabakishwa kitini kwa sharti la utii na malipo. Sargon wa Akkad, aliyetawala takriban mwaka 2334 hadi 2279 KK, huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa milki ya kwanza inayojulikana. Maandishi yake yanadai kuwa alibomoa kuta za miji aliyoishinda na kuweka watu wa Akkad kuwa magavana. Binti yake, Enheduanna, alikuwa kuhani mkuu wa mungu wa mwezi katika mji wa Ur. Kuta, magavana na hekalu: hiyo ndiyo alama ya milki.

Faida ya kutenganisha istilahi hizi huonekana zaidi katika Ufalme Mpya wa Misri, takriban mwaka 1550 hadi 1070 KK. Kusini, katika Nubia, farao aliweka mwakilishi wake mwenye cheo cha Mwana wa Mfalme wa Kush, aliyesimamia ardhi, kodi na dhahabu. Kaskazini, katika Kanaani, wafalme wadogo waliachwa katika miji yao. Barua zao za karne ya 14 KK zilizopatikana Amarna mwaka 1887, zilizoandikwa kwa mwandiko wa kabari, zimejaa viapo vya utii na maombi ya askari na msaada. Mtawala alikuwa mmoja, lakini upande wa kusini palikuwa na milki kwa maana kamili na upande wa kaskazini palikuwa na himaya. Anayetumia neno moja kwa pande zote mbili hataweza hata kuliuliza swali la kwa nini tofauti hiyo ilikuwepo.

Waajemi baadaye waliugawa utawala wao katika majimbo, kila moja likiwa chini ya gavana aliyewajibika kwa mfalme. Kwa msomaji wa pwani, neno liwali, lililomaanisha mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika miji kama Lamu na Mombasa, linakaribia sana wadhifa huo, nalo linafaa kutumika badala ya kukopa neno jipya.

8.0 Nasaba

Nasaba ni mfuatano wa watawala wa ukoo mmoja. Istilahi hii huonekana nyepesi, lakini orodha za nasaba zilitungwa na watu waliokuwa na sababu zao. Orodha ya Wafalme wa Sumer inaonyesha ufalme ukihama kutoka mji mmoja hadi mwingine, kana kwamba mji mmoja tu ndio uliotawala kwa wakati mmoja. Ushahidi mwingine unaonyesha kuwa baadhi ya nasaba hizo zilitawala sambamba. Nchini China, watawala wa Zhou walioiangusha Shang mnamo mwaka 1046 KK hivi walieleza ushindi wao kwa dhana ya Idhini ya Mbingu: mfalme mwovu hunyang’anywa idhini, naye mshindi huwa ndiye aliyepewa. Misri nayo, mgawanyo wa nasaba 30 tunaoutumia una chanzo chake katika kazi ya kuhani Manetho wa karne ya 3 KK. Ndani ya hesabu hiyo, Nasaba ya 25 ni ya wafalme wa Kush, akina Piye na Taharqa, waliotoka Nubia na kuitwaa Misri katika karne ya 8 KK. Koloni la zamani likawa mtawala. Nambari 25 peke yake haimwambii mwanafunzi kuwa mkondo wa mamlaka ulikuwa umegeuka.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa istilahi za msingi katika somo hili hazilingani uzito. Bonde, mafuriko na umwagiliaji hueleza mazingira na mbinu, na hazithibitishi kuwepo kwa mfalme. Ziada huhitaji taasisi ya kuikusanya. Ustaarabu hueleza miji na taasisi zake, wala haupimi utu wa mtu. Dola huhitaji ushahidi wa amri inayovuka undugu, na milki huhitaji ushahidi wa dola moja kuzikalia nyingine. Himaya ni uhusiano mahususi ndani ya tawala hizo, wakati nasaba ni simulizi la watawala linalopaswa kupimwa kwa ushahidi mwingine.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kuwa walimu na waandishi wa vitabu vya kiada wafundishe kila istilahi pamoja na mfano mmoja unaoikubali na mwingine unaoikataa: Misri pamoja na Engaruka kwa umwagiliaji, Lagash pamoja na Mohenjo-daro kwa dola, Nubia pamoja na Kanaani kwa milki. Mwanafunzi aliyezoea kupima neno kwa njia hiyo atakuwa amejifunza kazi ya mwanahistoria yenyewe, na lugha ya Kiswahili itakuwa imempa nyenzo za kuifanya.